Wasomaji na Riwaya ya Mfululizo: Bwana Msa Kutoka Unguja Hadi Kotile

Kusudi la makala hii ni kueleza jambo ambalo wahakiki wetu wamelipitia juu juu tu, nalo ni hili: kwa nini wasomaji wa riwaya za upelelezi hugawanyika kila kinapotoka kitabu kipya chenye shujaa yule yule? Aghalabu msomaji aliyekisifu kitabu cha kwanza ndiye huyo huyo anayekilaumu cha sita, tena akikilaumia sifa zile zile alizozipenda mwanzo. Hukumu za namna hii si za kupuuzwa. Mahali penye vitabu vichache, ndizo zinazoamua kitabu gani kitaazimwa mpaka jalada lake litoke, na kipi kitabaki kabatini na vumbi lake. Mfano wetu mkuu ni mfululizo wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Na wasomaji tutakaowaangalia zaidi ni wa Kotile, katika eneo la Ijara, Garissa, ambao wengi wao Kisomali ndicho lugha yao ya nyumbani na Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni, na kwa majirani zao Wapokomo wa kandokando ya Mto Tana.

Mfululizo wenyewe

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi (1968), kisha Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na mwisho Kosa la Bwana Msa (1984). Vitabu saba kwa muda wa miaka 24.

Tarehe hizi zafaa kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanywa. Msomaji wa kwanza alingoja miaka minane kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, na katikati ya kungoja huko yakatokea Mapinduzi ya Januari 1964. Halafu, kuanzia 1973 hadi 1976, akaletewa kitabu kila mwaka. Kisha kimya cha miaka minane tena. Anayengoja miaka minane hukipokea kitabu kama mgeni wa mbali. Anayeletewa kila mwaka hukipokea kama jirani, na jirani hatukosi la kumsema. Si ajabu, basi, kwamba manung'uniko mengi dhidi ya Bwana Msa yanaviangukia vile vinne vya katikati, ijapokuwa kwa ufundi wa lugha havipungukiwi sana na viwili vilivyotangulia.

Jambo hili halikuanza kwetu. Arthur Conan Doyle, ambaye Bwana Msa na rafiki yake Najum wana deni kubwa kwa Sherlock Holmes wake na Dakta Watson, alimwua shujaa huyo katika hadithi iliyotoka Desemba 1893, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amemchoka. Wasomaji walikasirika, hata wengi wakaacha kulinunua gazeti lililokuwa likizichapa hadithi hizo. Mwaka 1901 akaanza kutoa riwaya ndefu iliyorudi nyuma, kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 akamfufua kabisa. Hata hapo wapo waliosema kwamba Holmes aliyefufuka si yule aliyeanguka. Mwandishi wa mfululizo hapati salama: akirudia analaumiwa, na akibadilisha analaumiwa.

Msikilizaji na msomaji

Ili kuieleza hali hii inafaa kwanza kutenga mambo mawili yanayochanganywa: mfululizo wa masimulizi ya mdomo, na mfululizo wa vitabu.

Wasomali wana visa vingi vya Wiil Waal, mtawala wa Jigjiga aliyesifika kwa kuwajaribu watu wake kwa mafumbo. Kisa kimoja kinajulikana sana: aliwaamuru wanaume wamletee kiungo cha kondoo kinachoweza kuwagawanya watu au kuwaunganisha. Wakaleta minofu na mbavu. Masikini mmoja, kwa shauri la binti yake, akaleta koo, na ndiye aliyefumbua. Upwani nako tuna Abunuwasi, ambaye visa vyake havina hesabu. Katika masimulizi ya namna hii hakuna kisa cha kwanza wala cha mwisho. Wiil Waal hazeeki. Msikilizaji huomba kisa anachokijua tayari, na msimulizi akikipindua sana, watoto ndio wa kwanza kumsahihisha. Radhi ya msikilizaji imo katika kurudiwa.

Kitabu cha mfululizo hurithi shujaa wa aina hiyo hiyo, lakini kinaingia sokoni na tarehe na jina la mwandishi, tena kwa bei. Aliyekilipia hudai kipya. Hapo ndipo kanuni mbili zinapogongana ndani ya mtu mmoja: sikio lake lataka Bwana Msa aliyemzoea, na kiko chake, na Inspekta Seif wake, na Najum asiyeona mpaka aonyeshwe, jicho lake, kwa upande mwingine, limekwisha kujifunza njia zake na linataka kudanganywa kwa namna mpya. Wasomaji hugawanyika kwa sababu hawana kipimo kimoja. Na kwa maoni yetu, wahakiki waliowacheka kwa kujipinga wenyewe hawakuwafanyia insafu.

Suala la nasaba

Lawama kubwa inayotolewa juu ya Bwana Msa, hasa na wasomaji wa mijini waliosoma, ni kwamba mafumbo yake hufumbuliwa kwa nasaba. Msomaji hufuata nyayo, nyaraka na maneno ya mashahidi, na mwishowe hugundua kwamba fulani ni ndugu wa fulani bila ya wao kujua, au kwamba baba siye baba. Lawama hii ina haki yake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale siri ya damu ilibebwa pamoja na jambo jingine zito, yaani vita vya akili dhidi ya hofu ya mizimu. Katika vitabu vya baadaye nasaba yenyewe ndiyo imekuwa hadithi, hata majina ya vitabu yakaacha kunong'ona juu ya mauaji na kuanza kunong'ona juu ya ndoa na malezi. Msomaji aliyefuata harufu ya damu akajikuta arusini!

Tulipozungumza na walimu na vijana waliomaliza shule pale Kotile, tulitazamia kuisikia lawama hii tena. Tuliisikia, ila imegeuzwa kichwa chini. Kwa Msomali, kuhesabu nasaba ni elimu ya kwanza. Mtoto hufundishwa abtirsi, yaani orodha ya majina ya baba zake, angali mdogo, na kwa orodha hiyo hujua nani ni wake na nani si wake. Kwa msomaji huyu fumbo la nasaba si hila ya mwandishi aliyeishiwa. Ni hatari kubwa kupita bastola. Mmoja alituambia kwamba Bwana Msa ndiye mpelelezi wa pekee anayepeleleza jambo lenye maana. Mwenzake akampinga papo hapo: mambo hayo hayawezekani, mtu hawezi kuishi maisha yake yote asimjue baba yake, wazee wangalijua. Ubishi wao ulikuwa mkali, na haukuhusu ufundi hata kidogo. Ulihusu kama yawezekana jamii ikahesabu vibaya. Mhakiki akiwa na haraka ataandika kwamba wasomaji walitofautiana, akaishia hapo. Lakini wale wawili walikuwa wamekigusa kiini cha riwaya hizi, kuliko wengi waliopima kama miisho yake inasadikika au haisadikiki.

Suala la lugha

Hapa mgawanyiko ni wa wazi zaidi. Kiswahili cha Abdulla ni Kiunguja cha watu wa mazungumzo: kina mizaha, methali, na maneno mawili mawili. Chukua jina Mwana wa Yungi Hulewa. Kitenzi hulewa chaweza kuwa ni kutendwa kwa lea, na chaweza pia kuwa ni lewa ya ulevi. Mzee wa Unguja husikia yote mawili, akatabasamu. Kijana aliyejifunzia Kiswahili darasani husikia la pili tu, akakitazama kitabu kwa mashaka. Kadhalika Giningi: kwa aliyekulia Pemba au Unguja, mji huo usioonekana wa wachawi hutia baridi kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa, kwa Kotile ni neno tupu mpaka mtu aeleze, na akishaeleza, msikilizaji humtaja Dhegdheer wa hadithi za kwao, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, na mambo yakaenda. Siri ya Sifuri haikupata taabu hiyo, angalau kwa nusu ya jina lake, maana sir ni neno la Kisomali pia kwa njia ya Kiarabu.

Wasomaji hao hao huona wepesi kwa Elvis Musiba. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981) husema kwa sentensi fupi, za Kiswahili cha Dar es Salaam, na hakai kitako kujadili methali. Adui zake walikuwa ni maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, nao hawahitaji kufasiriwa. Vijana wengi wa Kotile wanampenda kuliko Bwana Msa, na hatuoni sababu ya kuwaonea haya. Hata hivyo wale waliostahimili kurasa hamsini za kwanza za Abdulla ndio tuliowakuta wakitumia misemo yake mitaani, wengine bila ya kukumbuka walikoitoa. Kwa Musiba walikumbuka visa. Maneno yake hawakuyachukua.

Jambo hili linawahusu walimu wa vyuo vikuu moja kwa moja. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani nchini Kenya, pamoja na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, walimu wanaokwenda Garissa hutoka katika idara zetu. Wakitoka wamefundishwa kwamba riwaya ya upelelezi ni kasumba, kama ilivyosemwa sana katika mijadala ya miaka ya 1970, watawanyang'anya wanafunzi kitabu cha pekee ambacho wangekibishania wenyewe bila ya kuamrishwa.

Kosa la Bwana Msa

Kitabu cha saba ndicho kilichogawanya wasomaji tangu jina lake. Shujaa asiyekosea katika vitabu sita anatajwa kwenye jalada pamoja na kosa. Hatutafichua yaliyomo, kwa heshima ya ambao hawajakisoma. Wasomaji wa kale tuliowahi kuwasikia walilipokea jina hilo kama tusi kwa mzee wao. Wengine waliona kwamba hatimaye mwandishi amewapa kitu walichokuwa hawana. Sisi tuko pamoja na hawa wa pili: mpelelezi asiyeweza kukosea amekwisha kuwa Abunuwasi, na Abunuwasi hahitaji kitabu.

Msomaji mmoja wa Kotile, msichana, alikuwa amekipata kitabu hicho kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo. Akarudi nyuma baadaye kwenye Mzimu wa Watu wa Kale. Lawama yake ilikuwa kwamba huyu Bwana Msa wa pili, yaani wa mwaka 1960, anajiamini mno.