Simu inaposema ‘pole’, inaumia?

SAA tano usiku, Mbagala wilayani Temeke. Nyumba imelala. Binti wa kidato cha tatu amejifunika shuka, anaiandikia simu jambo ambalo hajamwambia mama yake. Jibu linarudi papo hapo: “Pole sana. Naelewa unavyojisikia.”

Je, aliyesema pole anaelewa kweli?

Kompyuta kufariji watu hakukuanza leo. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua maneno ya mtu na kuyageuza swali. Hata hivyo, katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha.

Akili mnemba ya sasa imejifunza kutokana na maandishi mengi ya binadamu, kisha hukadiria neno gani lifuate. Imekutana na “pole” mara nyingi, ndiyo maana inajua pa kuiweka.

Kama itawahi kuwa na ufahamu, yaani kuhisi, wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema ubongo nao ni mashine ya kukokotoa, hivyo kinachofanywa na seli zake za neva, takriban bilioni 86, kompyuta itakiweza siku moja. Mwanafalsafa John Searle alipinga mwaka 1980: kupanga alama kwa kufuata kanuni si kuelewa maana yake.

Hospitalini fumbo hili lipo kila siku. Mgonjwa akipewa nusukaputi, moyo unaendelea kupiga lakini kisu hakisikii. Madaktari wanajua kuuzima ufahamu kwa dawa. Namna ubongo unavyouwasha, sayansi haijakubaliana. Ni vigumu kuthibitisha kwamba mashine ina kitu ambacho hata ndani yetu hakijaelezeka.

Mtaani, pole ina gharama. Jirani anayeitoa huja kukaa nawe mkekani, hulala msibani, humsindikiza mgonjwa hadi Hospitali ya Temeke. Simu haikosi usingizi kwa ajili ya binti yule.

Mzazi, kabla ya kumnyang’anya mwanao simu, muulize kwa upole huwa anaieleza nini. Na mtoto anayeshindwa kuanza na mama anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Upande wa pili yupo mtu.