Je, Wajua? Nyambizi za Japani na Kilindi cha Pemba

JE, WAJUA kwamba Taigei, nyambizi ya Japani iliyoanza kazi Machi 2022, ina urefu wa mita 84? Ukiisimamisha wima katika mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara, karibu kote utaiona kichwa kikiwa nje ya maji. Hapo hajifichi mtu. Sasa panda kaskazini, ipite Pangani, kisha geuka upande wa Pemba: sakafu ya bahari inaporomoka hadi kiasi cha mita 800. Unguja imekaa juu ya ukingo mmoja na bara, lakini Pemba imetengwa na kilindi. Nyambizi ikiulizwa ichague, haitajiuliza mara mbili.

JE, WAJUA kwamba nyambizi ya dizeli haitembei kwa dizeli ikiwa chini? Injini ya dizeli hula hewa, na chini hakuna hewa ya kuchezea. Kwa hiyo hupanda karibu na uso wa bahari, ikachomoza bomba la kuvutia hewa, ikawasha injini na kuchaji betri. Zikijaa, huzima injini, hushusha bomba na kuzama tena ikisukumwa na mota ya umeme, kimya kabisa. Ndiyo maana mwindaji mjuzi hahangaiki nayo ikiwa kilindini. Huivizia inapokuja kuvuta pumzi.

JE, WAJUA kwamba Wajapani walishaichungulia pwani hii kwa nyambizi? Mei 1942 nyambizi I-30 ilirusha ndege ndogo ya baharini ikapeleleza Aden, Djibouti, na baadaye Zanzibar na Dar es Salaam. Ndege ilisafirishwa vipandevipande ndani ya banda lisilopitisha maji, juu ya sitaha. Mabaharia waliiunganisha, ikaruka, ikarudi kutua baharini, ikanyanyuliwa kwa winchi na kufunguliwa tena. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Sijui kama waliwahi kumfikiria mgeni wa namna hiyo.

Shabaha yao ilikuwa meli kubwa za kivita za Uingereza. Hawakuzikuta huku. Walizikuta Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, na tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za watu wawili wawili zikaipiga manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. I-30 yenyewe ilifika hadi Ufaransa, ikageuza, na Oktoba mwaka uleule ikakanyaga bomu la majini la Waingereza nje ya Singapore.

JE, WAJUA kwamba I-30 ilikuwa ndefu kuliko Taigei? Ilikuwa na mita 108 na ushei. Lakini urefu si uwezo. Betri za nyambizi za aina yake ziliweza kuipeleka chini ya maji kama kilomita 178 tu, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, hata ukikata moja kwa moja kama kunguru, ni zaidi ya hapo.

JE, WAJUA kwamba siri kubwa ya nyambizi mpya za Japani ni ndugu wa betri iliyomo ndani ya simu yako? Machi 2020 nyambizi Oryu iliingia kazini ikiwa nyambizi ya dizeli ya kwanza duniani kutumia betri za lithiamu badala ya zile za risasi na asidi. Dada zake kumi waliotangulia walibeba pia mitambo ya Stirling, ambayo huunguza mafuta kwa oksijeni iliyobebwa ndani, ili wakae chini muda mrefu bila kupanda. Kwa Oryu wahandisi waliiondoa mitambo hiyo na nafasi yake ikajazwa betri. Lithiamu hutunza umeme mwingi zaidi katika nafasi ileile, huchaji upesi, na hukubali kukamuliwa nguvu nyingi kwa ghafla, mathalani nyambizi inapotaka kukimbia. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko topido zote ilizobeba.

JE, WAJUA kwamba hata nyambizi za kisasa hugonga? Februari 2021 nyambizi Soryu ilipokuwa ikipanda juu karibu na kisiwa cha Shikoku iligongana na meli ya mizigo. Meli haikutambuliwa kwa wakati.

JE, WAJUA kwamba sauti hukimbia majini kama mita 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi ya kasi yake hewani? Nyambizi husikiliza kuliko inavyotazama. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti vya majini nyuma ya mashua kwenye pwani ya Tanzania, wakitafuta pomboo na nyangumi. Wakanasa na milipuko zaidi ya 300. Haikuwa vita. Ilikuwa baruti za wavuvi haramu.

JE, WAJUA kwamba nahodha mmoja aliizamisha meli yake makusudi kaskazini kidogo ya Tanga? Aprili 1915 meli ya Wajerumani Rubens, iliyojibandika jina la Kidenishi Kronborg, ilikuwa ikileta makaa kwa manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, pamoja na bunduki na risasi. Ikifukuzwa na manowari ya Uingereza Hyacinth, ilikimbilia Ghuba ya Manza. Nahodha Christiansen akafungua valvu maji yaingie, akawasha moto juu ya sitaha ionekane inateketea. Waingereza wakaondoka wameridhika. Shehena iliyolowa ikatolewa ndani, risasi zikafunguliwa mojamoja na baruti yake ikaanikwa. Nyambizi nayo huzama kwa kufungua valvu ikaruhusu maji matangini, ila yenyewe hubakiza hewa ya mgandamizo ya kuyatoa.

JE, WAJUA kwamba tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani I-27 iliizamisha meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo? Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

JE, WAJUA kwamba Wajapani walirudi pwani hii, safari hii Tanga, wakimtafuta samaki? Silikanti, aliyedhaniwa ametoweka pamoja na madinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa na jarife za Tanga mwaka 2004. Mwaka 2007 wataalamu wa Aquamarine Fukushima wakateremsha roboti inayoongozwa kwa waya, wakampiga picha akiwa hai kwenye miamba ya kilindini. Mwaka 2011 wanasayansi wa Japani na wenzao wa Tanzania wakatangaza kwamba silikanti wa Tanga wamejitenga na wale wa Komoro kwa takribani miaka 200,000. Jahazi likipata kusi zuri hutoka Komoro likafika Tanga kwa siku chache. Samaki hao hawajatembeleana kwa miaka laki mbili.