Kabla Hujarudisha Funguo za Kampuni

Dereva wa semi anayepandisha mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ana hesabu moja kichwani: mzigo umelipiwa kiasi gani, mafuta yamekula kiasi gani, na yeye kaambulia posho kiasi gani. Akitoa anaona mamilioni yanabaki kwa tajiri. Baada ya safari tatu nne za namna hiyo, wazo la kununua gari lake mwenyewe linaanza kumnyima usingizi. Wazo halina ubaya. Kasoro iko kwenye hesabu, kwa sababu dereva huiona safari, na gari la biashara huua mtaji zaidi katika siku ambazo halipo safarini.

Tuanze na safari yenyewe. Kwa barabara ya Dodoma, Singida na Shinyanga, Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150. Tuseme semi lenye mzigo linakwenda kilomita 2 kwa lita, na likiwa tupu kilomita 3. Kupanda ni lita 575, kushuka tupu ni lita 383 hivi. Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kurudi tupu peke yake kunameza shilingi milioni 1.15. Na bei haitulii: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ilhali nauli uliyokwisha kukubaliana na dalali inabaki ile ile.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la mzigo wa kushuka. Kanda ya Ziwa inao, lakini una majira yake. Kuna marobota ya pamba na mashudu baada ya vinu kuanza kuchambua, kuna dengu, kuna mchele. Msimu ukipamba moto, wenye mizigo ndio wanaotafuta magari. Ukiisha, magari ndiyo yanayopanga foleni Nyakato na Buhongwa, na dalali anakata bei mpaka inatosha mafuta tu. Kampuni yenye magari mengi na wateja wa mkataba inaweza kulituma gari lake Kahama au Isaka likabebe kitu kingine, au likarudi tupu na hasara ikafidiwa na magari mengine. Wewe una gari moja na simu.

Hapo ndipo mkopo unapouma. Chukulia umekopa milioni 60 kwa miaka 3, riba asilimia 18 kwa mwaka. Muulize afisa mikopo swali moja kabla ya kusaini: riba hii inakokotolewa kwenye mkopo wote hadi mwisho, au kwenye salio linalobaki? Kwa njia ya kwanza utalipa riba ya milioni 32.4, yaani marejesho ya karibu milioni 2.57 kila mwezi. Kwa njia ya pili riba ni kama milioni 18.1, na marejesho ni milioni 2.17. Asilimia ni ile ile kwenye bango, tofauti ni zaidi ya milioni 14. Nimewaona watu makini, wanaojua sauti ya injini yenye hitilafu wakiwa mbali, wakisaini bila kuuliza hilo, na inaniumiza kila mara.

Gawanya sasa marejesho ya milioni 2.57 kwa siku 30. Kila siku gari linapolala, liwe linasubiri mzigo, spea au malipo, unadaiwa zaidi ya shilingi 85,000. Wakati huo huo mteja mkubwa anaweza kukulipa baada ya mwezi au miwili, na muuza mafuta anataka fedha leo. Wasafirishaji wadogo wengi wanaoanguka wana mizigo. Wanachokosa ni fedha ya kuvukia hadi siku ya kulipwa.

Matairi nayo dereva wa kampuni huyaona yakibadilishwa, hayalipii. Semi la ekseli sita lina matairi 22. Kama tairi moja ni shilingi 700,000 na linadumu kilomita 80,000, kila safari ya kwenda na kurudi inakula matairi ya zaidi ya shilingi 440,000, hata kama siku hiyo hukununua hata moja. Usipoitenga fedha hiyo kila safari, utaiita faida na kuila. Hali ni hiyo hiyo kwa krachi, springi na siku ya kufungua injini.

Kisha kuna mizani: Vigwaza, Nala, Njuki. Kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ni tani 8, pacha ya kati 18, tatu za nyuma 24, jumla tani 50 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Mwenye deni hushawishika kuongeza tani mbili. Faini ikija, haimwendei tajiri tena. Bima pia: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, si gari lako. Gari likianguka mlima Sekenke ukiwa na bima ndogo, deni linabaki na gari limekwisha.

Weka pia mshahara wako kwenye matumizi. Gari lisilokulipa ujira wa dereva na bado likabakiza kitu limekupa kazi ile ile uliyoiacha, pamoja na deni.

Kwa maoni yangu, dereva wa Mwanza anayeanza na gari moja aiache njia ndefu na anunue Fuso la kuzunguka kanda. Matairi ni 6, spea zinapatikana, na kazi ziko karibu: pamba mbegu kutoka vyama vya ushirika (AMCOS) hadi vinuni, dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, saruji na mabati kwenda Sengerema na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi kwenye njia hiyo, la takriban kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na foleni ya kivuko imeondoka kwenye hesabu. Ila usiihesabu nafuu hiyo kuwa yako peke yako. Kila mwenye lori ameipata, na nauli hufuata ushindani. Kumbuka pia reli ya kisasa: kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kinajengwa tangu 2021. Treni ya mizigo ikianza kufika Mwanza, makontena ya Dar yatakuwa ya kwanza kuhamia huko, na mizigo ya kusambaza kutoka stesheni itabaki kwa malori. Anayechukua mkopo wa miaka mitano kwa ajili ya njia ndefu anapaswa kulipima hilo.

Kama una mteja mmoja wa maandishi, mzigo wa pande mbili kwa miezi isiyopungua minane ya mwaka, na akiba ya marejesho ya miezi mitatu ukiacha ya gereji, ondoka. Ukikosa mawili kati ya hayo, endelea kuendesha la kampuni huku ukiyatafuta.

Ukiamua, mwajiriwa wa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hadi miaka 10, hulipwa mwajiri anapokuachisha. Anayejiondoa asikipangie matumizi, isipokuwa mkataba wake unasema vingine. Ulinzi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unaishia pale ajira inapoishia. Pensheni ya uzee ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, na aliyejiajiri anaruhusiwa kuendelea kuchangia mwenyewe. Dereva mwenye miezi 150 amebakiza 30 tu, na kuiacha hapo ni hasara kubwa kuliko injini. Kachukue taarifa ya michango yako kabla ya kuandika barua, uikague mwezi kwa mwezi, kwa sababu mwezi ambao mwajiri hakupeleka ni vyema uugundue ukiwa bado unaingia ofisini kwake.