Ala ya Kisu na Mkono Unaoishona

Alasiri ya Idi kubwa iliyopita, nyama ikiwa bado inagawanywa uani, binti yetu wa miaka saba alitia mkono katika kikapu cha ukindu kutafuta mwiko, akautoa umejaa damu. Ndani ya kikapu kulikuwa na kisu cha kuchinjia, tumekifunga kwa karatasi ya gazeti tu, na karatasi ilikuwa imekwisha lowa na kuchanika. Alhamdulillahi, vilikuwa vidole viwili, navyo vilishonwa siku ile ile. Kosa lilikuwa letu, wala hatuna wa kumlaumu. Kisu kile tulikuwa tumeletewa kutoka Garissa na dada yetu aliyeolewa huko, nacho kilikuja ndani ya ala yake ya ngozi. Ala ile tuliitupa kabla mwezi haujesha, kwa sababu ilinuka, tukasema jikoni kwetu haina haja.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ya kitu hiki, ala na uo, na wakubwa wetu hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Dini nayo imekitazama. Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kupokezana upanga uliokwisha futwa alani. Na mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aliamrishwa azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Sisi tulizoea kuyasoma hayo kama habari za vitani, kumbe ni habari za kikapu cha jikoni.

Basi mwezi wa Safar, tulipojaaliwa kwenda kumzuru dada yetu, tulikichukua kisu kikatafutiwe ala nyingine. Njia yetu ilipita Malindi, Garsen na Hola, tukiufuata mto Tana mpaka Garissa. Soko la mifugo la mji huo ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Mashariki, na wanyama huletwa kutoka pande za Wajir na Mandera na hata ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Palipo na wanyama wengi namna hiyo hapakosi ngozi, wala hapakosi visu. Wasomali hukiita kisu mindi, jambia lao la kiunoni hulijua kwa jina la toorrey au billaawe, na ala huiita gal.

Dada yetu alitupeleka kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati. Watoto wa mtaa wote humwita adeer, yaani ami. Alikipokea kisu, akakigeuza mara mbili, akauliza ala yake iko wapi. Tuliona haya kumjibu. Dada yetu akamwambia kuwa ilinuka, naye akacheka, akasema ingetundikwa penye upepo wiki chache tu, harufu ingekwisha.

Alikilaza kisu juu ya ngozi ya ng'ombe, akachora kwa mkaa kukizunguka, akiacha upana wa kidole upande wa makali. Kipande hicho akakikata na kukitia majini mpaka kikalegea kama nguo nzito. Kisu chenyewe alikipaka samli na kukizonga nailoni nyembamba ili unyevu usifike kwenye chuma, kisha akaikunja ngozi juu yake na kuibanabana kwa vidole gumba, taratibu, akiufuata mgongo wa kisu na mwanzo wa mpini, hata ngozi ikashika umbo la kisu kile na si kingine. Ndiyo maana ala ya dukani haishiki vizuri: imeshonewa kisu chochote.

Jambo ambalo hatukulijua kabisa ni ule ukanda mwembamba wa ngozi anaoutia baina ya kingo mbili kabla ya kushona. Ukanda huo ndio unaokutana na makali. Pasipo huo, kila kisu kinapoingia hugusa uzi, leo mmoja na kesho mwingine, mpaka siku moja kisu kinatokea ubavuni mwa ala na kumkata aliyekivaa. Matundu aliyatoboa kwa msharasi, moja moja, kwa nafasi zilizo sawa. Uzi wake ulikuwa mmoja, wenye sindano katika kila ncha, na sindano zote mbili zilipishana katika tundu lile lile, moja ikienda na nyingine ikirudi. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, tofauti na mshono wa cherehani. Kwenye ncha ya ala aliacha kitundu kidogo cha kutolea maji. Akaianika kivulini, kwa kuwa jua kali huikausha ngozi upesi ikapasuka, na siku ya pili akaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta.

Wenzetu wa Pwani tuna la kuongeza hapo, kwani hewa yetu ina chumvi na ngozi huinywa chumvi hiyo. Kisu kioshwe, kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo kabla ya kurudi alani. Kikiwa ni cha Idi hadi Idi, kiwekwe mbali na ala yake, vyote viwili pakavu na juu, mkono wa mtoto usipofika.

Ngozi aliyoitumia ilikuwa imetengenezwa na mkewe. Yeye ndiye anayeiloweka, kuitoa manyoya, kuikwangua mafuta na kuilaza katika maji ya magome ya mgunga ambao wao huuita galool, mpaka igeuke rangi na iache kuoza. Kwetu magome ya mkandaa na mikoko mingine yana nguvu hiyo hiyo. Wanazuoni huiita kazi hii dibaghi, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ni yetu na ni yao, dibaghi huitoharisha hata ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe, isipokuwa mbwa na nguruwe. Asili yake ni kisa cha kondoo aliyepewa mjakazi aliyeachwa huru na Bi Maimuna (R.A.). Kondoo yule alikufa, na Mtume (S.A.W.) alipompita aliuliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake, walipomwambia kuwa ni mfu, akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla.

Ngozi ya udhhiya nayo ina hukumu yake: haiuzwi, wala hapewi mchinjaji kuwa ni ujira. Hutolewa sadaka, au mwenyewe hujinufaisha nayo. Tukiyakumbuka majaa yetu siku ya pili ya Idi, na yale yanayonuka humo, tunaona haya mara ya pili. Kisu kilichomchinja mnyama kingeweza kuvishwa ngozi ya mnyama yule yule.

Jioni ya siku ya tatu, tukiwa peke yetu, dada yetu alitueleza habari ambayo hakutaka kuisema mbele ya mzee. Mwanawe wa kiume ni mwalimu wa chuo. Hajapata kushona ala hata moja. Alimposa binti wa nyumba ya jirani, na binti akaridhia. Wazee wa binti wakakataa, na sababu waliyoitoa ni moja tu: wale ni watu wa ngozi.

Jambo hili ni la zamani katika jamii ya Wasomali. Kazi ya chuma imekuwa mikononi mwa Tumaal, na kazi ya ngozi mikononi mwa Madhiban na jamaa zao, nao kwa karne nyingi wamehesabiwa chini ya koo za wafugaji. Watu huwapelekea visu, viatu na hatamu, lakini hawawaozi wala hawaoi kwao. Mwenye kuitwa ami na watoto wa mtaa mzima hapati mkwe katika mtaa huo. Na sisi tusijione tuko mbali. Ni mara ngapi katika posa zetu tumeuliza "mtoto wa nani huyo?" na makusudio yetu hayakuwa kumjua mzazi wake?

Tunajua kuwa vitabu vya fiqhi vimeizungumza kafaa, na kwamba kazi ya mume imetajwa humo. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na mawalii wake, nao wakiridhia, ndoa ni sahihi isiyo na dosari. Na Mtume (S.A.W.) aliwahimiza Bani Bayadha wamuoze Abu Hind na waoe kwake, na Abu Hind alikuwa mpiga chuku, kazi waliyoidharau watu wa wakati ule. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akafua mavazi ya vita na kula kwa kazi ya mkono wake. Ama ngozi, tutazame nyumba ya Mtume mwenyewe. Bi Sauda (R.A.) na watu wa nyumba yake walidibaghi ngozi ya kondoo wao aliyekufa, wakaitumia mpaka ikachakaa. Bi Asmaa binti Umais (R.A.) alikuwa amemaliza kudibaghi ngozi zake siku alipofikiwa na habari ya kifo cha mumewe Jaafar. Na Bi Zainab binti Jahsh (R.A.), binti wa shangazi yake Mtume, mwanamke wa nasaba ambayo hakuna mzee wa Garissa wala wa Mombasa angeikataa, alikuwa akidibaghi na kushona ngozi, na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakiipima mikono yao, na Bi Zainab alipofariki kabla yao ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni ule wa kutoa. Mkono huo mrefu ulikuwa mkono wa fundi wa ngozi.

Mzee hakutaka kupokea malipo kamili, kwa kuwa tu wageni wa jirani yake. Ilibidi tumwachie mkewe kilichobaki. Kisu sasa kimetundikwa juu ya mlango wa jiko, ndani ya ala iliyokwisha acha kunuka, na binti yetu hukipita bila ya kukitazama. Dada yetu ameanza kwenda kwa mama wa yule binti wa jirani. Mara ya kwanza alichukua halwa ya Lamu tuliyompelekea, na mazungumzo yakawa ya mvua na bei ya maziwa. Mara ya pili yalikuwa hayo hayo. Wiki iliyopita alituarifu kuwa amekwenda mara ya tatu, na walipokuwa wakiagana mlangoni mama yule alimuuliza kijana anasomesha darasa gani.