Petroli, Dizeli, Haibridi au Gesi: Hesabu ya Mwenye Gari Dar es Salaam

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kuanzia hapo vijiweni Dar es Salaam kunazungumzwa jambo moja: petroli imepanda au imeshuka kwa shilingi ngapi. Kwa anayetaka kununua gari, au kubadili mfumo wa alilonalo, swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni gari linatembea kilomita ngapi kwa mwezi. Watu wawili wanaweza kuwa na Toyota IST za mwaka mmoja, huyu anabeba abiria wa mtandaoni, yule anakwenda ofisini na kurudi. Anayewapa ushauri mmoja anamwibia mmoja wao.

Tuchukue petroli kwa shilingi 3,000 lita, namba nyepesi ya kupigia hesabu; wewe weka bei ya mwezi wako. Gesi asilia ya magari, CNG, imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550 kwa kilo. Wengi hulinganisha kilo na lita moja kwa moja, kumbe kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Tuiweke 1.45, tusijipendelee.

Dereva wa mtandaoni anayetembea kilomita 150 kwa siku, gari likienda kilomita 12 kwa lita, anachoma lita 12.5, yaani shilingi 37,500. Kwa gesi angehitaji kilo 8.6, shilingi 13,300 na ushee. Anabakiwa na elfu 24 kila siku. Gharama ya kufunga mfumo tuiweke shilingi milioni 2, ingawa bei hupanda na kushuka kwa ukubwa wa mtungi na aina ya vifaa. Fedha hiyo inarudi kwa siku 83 za kazi. Sijui biashara nyingine ndogo mjini hapa inayorudisha mtaji haraka namna hiyo kwa uhalali.

Ila kuna foleni. Magari yamefungwa gesi kwa kasi kuliko vituo vilivyojengwa, na kila anayetumia CNG anajua kupanga mstari usiku wa manane ili asubuhi imkute barabarani. Saa mbili za mstarini zikimnyima dereva safari za shilingi 10,000, akiba yake ya siku inashuka hadi elfu 14, na siku 83 zinakuwa zaidi ya 140. Bado inalipa. Lakini hesabu hii haiandikwi kwenye vipeperushi vya wanaofunga mifumo, na ndiyo inayomtofautisha anayeishi jirani na kituo na anayekifuata kilomita 20.

Sasa yule wa ofisini. Kilomita 30 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni kilomita 660: lita 55 za petroli, shilingi 165,000. Kwa gesi angelipa kama 59,000. Anaokoa 106,000 kwa mwezi, na milioni zake 2 zinarudi baada ya miezi 19, foleni ikiwa bure. Anayetoa gari Jumamosi kwenda harusini na Jumapili kwenda ibadani, yeye asijisumbue. Fedha hiyo anunulie matairi mazuri.

Kuna mambo ya kuuliza kabla fundi hajatoboa chochote. Mtungi wa chuma wa lita 60 unabeba kilo kama 10 za gesi, zinazotosha kilomita 170 hivi kwa IST, na wenyewe una uzito wa zaidi ya kilo 50. Buti karibu lote linakwenda. Abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku mawili utamweka siti ya nyuma na mizigo yake. Nguvu ya injini hupungua kidogo, utaihisi kwenye kilima ukiwa umejaza watu, na plagi zilizochoka ambazo petroli ilizivumilia gesi haizivumilii. Kubwa zaidi ni injini za Toyota zenye nembo ya D-4, ambazo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nozeli zake hupozwa na petroli inayopita humo, kwa hiyo mfumo wa kawaida wa gesi hauzifai. Zinataka mfumo maalumu, wa ghali zaidi, unaoendelea kutumia petroli kidogo. Fundi anayekwambia “zote sawa tu” mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Haibridi ni jambo jingine kabisa, na nadhani ndiyo inayomfaa yule wa ofisini kuliko gesi, mradi alikuwa anabadili gari hata hivyo. Gari kama Toyota Aqua hupata faida yake pale pale Dar inapotutesa: kwenye msongamano. Ukisimama, injini inazima. Ukifunga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Tukisema inatembea kilomita 20 kwa lita, kilomita zile 660 zinataka lita 33, shilingi 99,000. Anaokoa 66,000 kwa mwezi bila kupanga mstari popote na buti lake likiwa zima. Kwenye barabara kuu, ukitembea mwendo mmoja kwenda Morogoro, tofauti hiyo hupungua, kwa kuwa breki haziguswi sana.

Kinachoogopwa ni betri, na woga huo una msingi ukinunua gari la zaidi ya miaka kumi bila kulipima. Mpeleke fundi mwenye mashine ya kusoma betri sehemu kwa sehemu. Sehemu moja ikiwa dhaifu, zilizobaki zinaifuata. Halafu angalia tundu la hewa lililo karibu na siti ya nyuma. Humo mna feni inayopoza betri, na vumbi la barabara zetu likiliziba, betri inachemka na kufa mapema. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini wamiliki wengi hawajui kuwa lipo.

Dizeli nitaipitia haraka. Ni ya mwenye mzigo na safari ndefu, anayepanda Kitonga na pikapu iliyojaa. Hapo inatumia lita chache kuliko petroli na kuvuta vizuri. Kwa safari fupi za mjini, dizeli za kisasa zenye chujio la moshi huziba, na nozeli zake hazisamehe mafuta machafu.

Umeme ndio wenye bei ndogo kuliko yote. Uniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida ni shilingi 356. Gari dogo kama Nissan Leaf, likitumia uniti 20 kwa kilomita 100 pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, linakula shilingi 7,100, dhidi ya 8,900 za gesi na 25,000 za petroli. Lakini Leaf za zamani hazina mfumo wa kimiminika wa kupoza betri, na joto la pwani si rafiki. Hesabu vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi: vilikuwa 12 gari likiwa jipya. Na kama umepanga nyumba isiyo na mahali pa kulaza gari karibu na soketi yako mwenyewe, achana nalo kwa sasa.

Tukirudi kwenye gesi, sehemu ya unafuu wake inatokana na kuchimbwa kwetu; ya Songo Songo, Kilwa, inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Sehemu nyingine ni kodi. Ndani ya lita ya petroli mna tozo ya barabara, na gari la gesi linapita barabara zile zile. Juni 2024 bungeni lilipelekwa pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Ipige hesabu hiyo kabla ya kufunga: kwa dereva wa mtandaoni, siku 83 zingekuwa kama 96, kwa mtu wa ofisini, miezi 19 ingekuwa 22.