Kidonda cha Kitandani Si Ada ya Uzee

Mzee asiyejiweza akilazwa upande mmoja kwa saa nyingi, damu haipiti katika nyama iliyobanwa baina ya mfupa na godoro. Ngozi hubadilika rangi, huchubuka, kisha hufanya kidonda. Kikiachwa hutunga usaha, na vijidudu vikiingia katika damu huweza kuua.

Wako wasemao kuwa hayo ni ada ya uzee. Sisi hatukubali. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann aliwapokea askari walioumia uti wa mgongo. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Na wengi waliohesabiwa kuwa ni wa kufa wakaishi.

Tangu hapo kinga yajulikana. Hata hivyo, mwaka 2019, tume iliyochunguza makao ya wazee nchini Australia ilieleza habari za vidonda visivyotunzwa, vingine hata vikaua. Taarifa yake iliitwa kwa neno moja tu: Utelekezaji.

Ndugu msomaji, umtembeleapo mzee wako katika makao ya namna hiyo, usitosheke na shuka nyeupe. Omba atazamwe mgongo, nyonga na visigino mbele yako, kisha uliza: mara ya mwisho aligeuzwa saa ngapi?