Nyabugogo, Lango la Rwanda kwa Mwanafunzi wa Kitanzania

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Kigali huishia Nyabugogo, stendi kuu ya mji mkuu wa Rwanda. Kabla ya kufika hapo, abiria amepita Singida, Nzega na Kahama, kisha akavuka mto Kagera kwenye daraja la Rusumo. Ng'ambo ya daraja magari hushika upande wa kulia wa barabara, na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Mwanafunzi asiyerekebisha saa yake atamtangulia mwalimu darasani.

Stendi iko bondeni, kando ya mto wenye jina hilohilo. Mto huo hutoka Ziwa Muhazi, huungana na Nyabarongo, na maji yake hufuata Kagera hadi Ziwa Victoria, kaskazini ya Bukoba. Kulizunguka bonde ni vilima vilivyojaa nyumba: Muhima, Kimisagara na Gatsata, penye gereji nyingi.

Kelele za stendi hazikosekani, lakini utaratibu upo. Tiketi hukatwa dirishani ikiwa na saa ya kuondoka, na kwa kawaida saa hiyo huheshimiwa. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye huvaa kofia ngumu. Mishikaki ya kwetu, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huko haipo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, kwa hiyo mwenye nguo ndani ya "rambo" huachana nayo mpakani.

Lugha haimtupi mgeni. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapa stendini, na kwenye mitaa ya Nyamirambo yenye misikiti ya zamani, kilikuwa kikisemwa miaka mingi kabla ya sheria. Madereva, mafundi na wafanyabiashara wanaotoka Kongo hukitumia kila siku. Ofisini na chuoni hali ni nyingine: Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, hufundisha kwa Kiingereza, na majirani huzungumza Kinyarwanda. Ukisema "muraho" (hujambo) na "murakoze" (asante), nyuso hukunjuka.

Chakula cha mchana cha bei nafuu ni melanje: wali, viazi, ndizi, maharage na isombe, yaani kisamvu, vyote kwenye sahani moja. Unajipakulia mwenyewe, lakini mara moja tu, ndiyo maana wanafunzi ni mafundi wa kupanga kilima cha chakula. Jioni wengi huenda kwenye vibanda vya maziwa kunywa ikivuguto, maziwa mgando yaliyo baridi.

Kwa matembezi, njia zote huanzia Nyabugogo. Kaskazini ni Musanze, chini ya milima ya volkano wanakoishi sokwe. Mbele yake ni Rubavu, kwenye Ziwa Kivu, mji unaopakana na Goma. Kusini ni Nyanza, penye nyumba ya kifalme ya nyasi na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu mno, kisha Huye, penye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989 kuonyesha ususi, ufinyanzi na maisha ya kale.

Lakini safari ya kwanza iwe fupi: kilima cha Gisozi, ng'ambo ya bonde. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Asiyefika Gisozi hataelewa kwa nini wiki inayoanza tarehe 7 Aprili muziki hunyamaza, wala kwa nini hapaulizwi mtu kabila lake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, mabasi husimama, na watu hutoka kufagia, kuchimba mitaro na kupanda miti. Mgeni naye hukaribishwa, na akishika jembe atajuana na majirani kwa haraka kuliko kwa mwezi mzima wa kusalimiana.

Vijana wetu wengi wakisikia kusoma nje ya nchi hufikiria Ulaya tu. Nawashauri wapime na Kigali: viza haihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki, lugha ipo, na nyumbani ni safari ya basi.